Diski za Zamani Katika Hewa ya Chumvi: Mashine Inayosoma Kumbukumbu Nayo Yahitaji Kutunzwa

ZANZIBAR: Ofisi yoyote iliyotumia kompyuta kabla ya miaka ya 1990 inaweza kuwa na sanduku la chuma lenye ukubwa wa droo ya kabati, na kando yake katriji ya plastiki iliyo bapa na pana kama sinia. Ndani ya katriji hiyo mna sahani moja ya alumini yenye rangi ya kahawia. Huenda sahani hiyo imebeba orodha za mishahara, vipimo vya viwanja, takwimu za hali ya hewa au matokeo ya utafiti ambayo hayakuchapishwa kwenye karatasi yoyote.

Sahani hiyo haisomeki kwa macho, wala kompyuta ya leo haina mahali pa kuiingiza. Husomwa na mashine ya aina ile ile iliyoiandika. Mashine hiyo ikifa, maandishi yaliyomo hubaki salama juu ya sahani lakini yamefungwa, mithili ya barua iliyomo ndani ya kasha lisilo na ufunguo.

Mtu anayekuta vifaa hivyo hushawishika kuchomeka waya ukutani na kubonyeza kitufe ili aone kama vingali vinafanya kazi. Kwa diski iliyokaa miaka 30 au 40 bila kuguswa, kitendo hicho kinaweza kuharibu kwa sekunde chache kile ambacho muda wote huo haukuweza kukiharibu. Makala haya yanaeleza namna diski za minikompyuta zinavyofanya kazi, mambo yanayozidhuru katika mazingira ya Unguja, na utaratibu wa kuzirudisha kazini bila kupoteza kilichoandikwa.

Diski ya minikompyuta ni nini

Diski ya kwanza ya kompyuta ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha takribani sentimita 60, na mtambo mzima ulikuwa na uzito wa takribani tani 1. Uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5.

Miaka iliyofuata ilileta minikompyuta, yaani kompyuta ndogo kuliko zile zilizojaza ukumbi mzima, lakini kubwa kuliko hizi za mezani tunazozijua leo. Kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyoanzishwa mwaka 1957 katika jimbo la Massachusetts, ndiyo iliyozieneza zaidi. Ilitoa PDP-8 mwaka 1965, PDP-11 mwaka 1970 na VAX mwaka 1977. Mashine za aina hiyo zilitumika katika vyuo vikuu, maabara, viwanda, benki na mashirika ya simu duniani kote.

Mojawapo ya diski zake mashuhuri ni RK05. Katriji yake ina sahani moja yenye kipenyo cha takribani sentimita 35, na hubeba herufi milioni 2.5. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo inaweza kuzidi kiasi hicho. Hata hivyo, kwa maandishi ya kawaida, herufi hizo ni zaidi ya kurasa 1,000 zilizopigwa taipu. Diski moja iliyopotea ni sawa na kabati la majalada lililoungua.

Sahani hiyo huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Kwa ukubwa wake, ukingo wake hukimbia kwa kasi ya takribani kilomita 100 kwa saa. Kichwa cha kusomea na kuandika hakiigusi sahani. Huelea juu yake kwa msaada wa hewa inayovutwa na mzunguko, kikiwa kimeachana nayo kwa mikroni chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70. Kwa hiyo, unywele, punje ya vumbi, hata alama ya kidole iliyoachwa juu ya sahani, kwa kichwa hicho ni mwamba uliosimama katikati ya barabara.

Kichwa kikigonga sahani, hukwangua utando wa sumaku ambao ndio uliobeba maandishi. Unga unaotokana na mkwaruzo huo husambaa ndani ya mashine na kusababisha migongano mingine. Sehemu iliyokwanguliwa haiwezi kurudishwa na fundi yeyote.

Mashine ni sehemu ya kumbukumbu

Watunza nyaraka wamezoea kuhesabu karatasi, vitabu na picha. Kwa vitu hivyo, chombo cha kusomea ni jicho la msomaji mwenyewe. Kumbukumbu za sumaku zilibadilisha hali hiyo, kwa kuwa ziliweka mashine kati ya msomaji na maandishi.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa picha za Mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter vya Shirika la Anga la Marekani, NASA, mwaka 1966 na 1967. Picha hizo zilihifadhiwa kwenye kanda za sumaku takribani 1,500. Kanda zilitunzwa, lakini mashine za Ampex FR-900 zilizohitajika kuzisoma ziliacha kutengenezwa na karibu zote zikatupwa. Chache zilizosalia ziliokolewa na mtunza nyaraka Nancy Evans, ambaye kwa miaka mingi alizihifadhi nyumbani kwake. Kuanzia mwaka 2007 mafundi walizifufua katika jengo lililokuwa mgahawa ndani ya kituo cha Ames, California, na mwaka 2008 picha ya kwanza ikatoka, ikiwa safi kuliko ile iliyochapishwa miaka ya 1960. Bila mashine zile chache, kanda zote zingebaki kuwa rundo la plastiki.

Zanzibar nayo ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa karibu. Matangazo ya redio yalianza Unguja mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Unguja, na Raha Leo ikawa jina linalofungamana na redio. Televisheni ya rangi ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazina televisheni ya aina hiyo. Hotuba, taarab, michezo ya redio na vipindi vya elimu vya zama hizo viliwekwa kwenye kanda za sumaku. Mashine ya kanda na diski ya minikompyuta ni ndugu wa tumbo moja. Zote zina kichwa cha kusomea, mota, sehemu za raba, kapasita na beringi, na kwa sehemu kubwa maradhi yao ni yale yale. Anayejua kuitunza moja ana mwanzo mzuri wa kuitunza nyingine.

Hewa ya Unguja na athari zake

Kisiwa cha Unguja kina mazingira magumu kwa vifaa vya aina hii. Unyevunyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 70, na wakati wa Masika hupanda zaidi. Wataalamu wa hifadhi hupendekeza kumbukumbu za sumaku zikae kwenye unyevunyevu wa kati ya asilimia 40 na 50, mahali penye ubaridi wa wastani na usiobadilikabadilika.

Jambo la pili ni chumvi. Upepo wa Kusi na wa Kaskazi yote hupita juu ya bahari kabla ya kufika mjini. Chumvi inayoletwa na upepo ina tabia ya kuvuta maji, hivyo pale inapotua juu ya shaba hufanya kutu ya kijani, na juu ya chuma hufanya kutu nyekundu. Miguu ya chipu, viunganishi vya nyaya na skrubu ndogo huanza kulika kabla mtu hajaona dalili yoyote kwa nje.

Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zikiwa nene na dari zikibebwa na boriti za mikoko. Kuta hizo hupunguza joto la mchana, lakini pia hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa ndani ya vyumba vya chini. Kwa sababu hiyo, chumba cha chini kinachotazamwa kama stoo ya kawaida ndicho mahali pabaya zaidi pa kuweka diski. Chumba cha ghorofa ya kwanza, kilicho mbali na paa na mbali na ukuta unaopigwa na mvua, kinafaa zaidi. Mashine isiwekwe sakafuni wala isiegemezwe ukutani. Iinuliwe juu ya rafu, na hewa ipite pande zote.

Kiyoyozi husaidia, lakini kina hatari yake. Katriji iliyotolewa kwenye chumba cha nyuzi 20 na kupelekwa kwenye joto la nje hufanya umande juu yake, kama chupa ya maji iliyotoka kwenye jokofu. Katriji inapohamishwa ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika jeli, na iachwe saa 24 kabla ya kufunguliwa. Kuwasha kiyoyozi mchana na kukizima usiku kunaweza kudhuru kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu kila asubuhi na kila jioni vifaa hupitia mabadiliko yale yale.

Wapo pia wakazi wasioalikwa. Sisimizi, mende, mijusi na panya hupenda masanduku yenye giza na joto. Mabaki yao hula nyaya, na mwili wa mjusi mmoja uliokauka juu ya ubao wa umeme unatosha kuunguza mashine nzima. Matundu ya nyuma yafunikwe kwa wavu mwembamba wakati wote mashine ikiwa haitumiki.

Ukaguzi kabla ya kuwasha

Kanuni ya kwanza ni kwamba mashine isiyotumika kwa muda mrefu hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kupewa umeme. Kazi hiyo huanza kwa kupiga picha kila upande, kila waya na kila skrubu, ili kila kitu kirudi mahali pake.

Sponji hukaguliwa mapema. Diski za miaka ya 1970 zilitumia sponji kuziba mianya ya njia za hewa. Sponji hizo huoza zikawa unga mweusi au nta inayonata. Mashine ikiwashwa katika hali hiyo, feni hupuliza unga huo moja kwa moja kuelekea kwenye vichwa. Sponji zote za zamani zinapaswa kukwanguliwa hadi mwisho na mpya zikatwe kwa kipimo kile kile. Chujio la hewa nalo hubadilishwa, kwani hata likionekana safi gundi yake huwa imekauka.

Baada ya hapo hufuata raba na mikanda. Mkanda unaounganisha mota na mhimili wa sahani hupasuka au kulegea. Beringi husikilizwa kwa kuzungusha mhimili kwa mkono, nayo ikikwaruza au kuvuma, grisi yake imekauka.

Vichwa ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote. Hukaguliwa kwa kioo kidogo na taa. Alama ya kahawia juu ya kichwa ni ushahidi kwamba kiliwahi kugonga sahani. Husafishwa kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99 na kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya kawaida ya dukani haifai, kwa kuwa inaweza kuwa na maji, rangi au viongezeo vinavyobaki juu ya kichwa baada ya kukauka.

Baada ya usafi huo, mashine huzungushwa kwa saa kadhaa vichwa vikiwa vimezuiwa visishuke. Lengo ni kuiacha hewa iliyochujwa ifagie vumbi lote lililobaki. Ni baada ya hapo tu vichwa huruhusiwa kushuka, na huwa juu ya katriji ya majaribio isiyo na kitu cha thamani.

Jambo hili la katriji ya majaribio halina mjadala. Mgongano wa kichwa huambukiza. Mashine mbovu huharibu katriji. Fundi asiyejua huichukua katriji hiyo kwenda kuijaribu katika mashine nzima, nayo ikaharibika. Kisha huweka katriji nyingine katika mashine ya pili, nayo ikakwanguliwa. Katika zama za minikompyuta vyumba vizima vilipoteza diski zao kwa mlolongo huo katika siku moja. Mlio wowote wa kukwaruza una maana moja: kuzima mara moja na kutoijaribu tena katriji ile mahali popote kabla ya kukaguliwa.

Umeme: nguvu na mapigo yake

Umeme wa Zanzibar, kama wa Tanzania nzima, ni wa volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde. Mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa soko la Marekani, ambako umeme ni wa volti 120 na mapigo 60. Transfoma hurekebisha volti peke yake, haibadilishi mapigo. Katika diski za kizazi cha RK05, kasi ya mota hufuata mapigo ya umeme. Mashine iliyofungwa puli ya mapigo 60 ikipewa umeme wa mapigo 50, sahani itazunguka mara 1,250 kwa dakika badala ya 1,500, na haitasoma chochote. Dawa yake ni puli na mkanda wa kipimo sahihi, kazi ambayo mchonga vyuma mwenye mashine nzuri anaweza kuifanya.

Kapasita za umeme ndani ya sanduku la nguvu hukauka kwa umri. Zikipewa volti kamili ghafla zinaweza kupasuka. Fundi makini huzipima moja baada ya nyingine, hubadilisha zilizovimba au kuvuja, na hupandisha volti polepole huku akitazama mita. Kabla ya kuunganisha mbao za saketi, hupima kwanza kama sanduku hilo linatoa volti sahihi, ili hitilafu isiunguze chipu ambazo hazitengenezwi tena.

RK05 ina pia betri ndogo za nikeli na kadimi. Kazi yake ni kuvirudisha vichwa mahali salama umeme unapokatika ghafla, kabla sahani haijapunguza kasi na mto wa hewa haujaisha. Betri hizo zikifa, kila umeme unapokatika kichwa hubaki juu ya sahani inayosimama. Aidha, betri zilizozeeka huvuja na kula mbao za karibu. Ni lazima zibadilishwe kabla ya jaribio lolote.

Kwa Unguja, jambo hilo si la nadharia. Kisiwa hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya upitao chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa takribani mwezi mmoja bila umeme huo, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hali hiyo ilirudi kwa takribani miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 na hali ikawa bora zaidi. Hata hivyo, diski inayosomwa haihitaji mwezi wa giza ili idhurike. Sekunde moja yatosha. Kila kazi ya kusoma ifanyike kupitia stabilaiza na betri ya akiba yenye uwezo wa kuendesha mashine hadi vichwa virudi na sahani isimame. Siku za radi za Masika na Vuli, kazi iahirishwe na plagi itolewe ukutani.

Diski zilizofungwa

Mwaka 1973 IBM ilileta muundo mpya uliopewa jina la Winchester, ambamo vichwa na sahani hukaa pamoja ndani ya kasha lililofungwa. Diski za minikompyuta za miaka ya 1980, na hata za kompyuta za leo, zimetokana na muundo huo. Katika nyingi za zama hizo, vichwa hutua juu ya sahani mashine inapozimwa, na sahani hupakwa kilainishi maalumu kwa ajili hiyo.

Maradhi yake ni tofauti. Kwanza, vichwa vikikaa miaka mingi juu ya sahani hunata, na mota hushindwa kuizungusha. Pili, raba ndogo zinazozuia mkono wa vichwa usipite mwisho wa safari yake hugeuka ulimbo. Mfano maarufu ni diski ya RD53, iliyotengenezwa na Micropolis na kutumiwa katika mashine za MicroVAX. Ilikuwa na uwezo wa herufi milioni 71. Raba yake hunata na kuushika mkono wa vichwa, hivyo diski huzunguka vizuri lakini haisomi. Wengi waliitupa wakidhani imekufa, ilhali tiba yake ilikuwa kubadilisha kipande cha raba kisichozidi ncha ya kidole.

Pamoja na hayo, kulifungua kasha la aina hii ni jambo la mwisho kabisa. Hufanywa mahali palipozuiwa vumbi, na mtu aliyekwisha kujizoeza kwa diski zisizo na thamani. Chumba chenye feni ya dari na dirisha lililo wazi kuelekea Forodhani si mahali pake.

Kunakili kabla ya kurekebisha

Mafundi wengi hufurahi mashine inapozunguka, wakaanza papo hapo kuirekebisha ili ifanye kazi vizuri zaidi. Hapo ndipo kumbukumbu nyingi hupotea. Kichwa kilichopotoka kidogo katika mpangilio wake ndicho huenda kiliandika katriji zote za ofisi ile. Kikinyooshwa kulingana na kitabu cha mtengenezaji, katriji hizo zinaweza zisisomeke tena. Kasoro ya mashine ni sehemu ya ufunguo. Kwa hiyo mpangilio wa vichwa usiguswe mpaka katriji zote zilizoandikwa na mashine hiyo zimekwisha kunakiliwa.

Utaratibu wa kunakili ni huu. Kitufe cha kuzuia kuandika hubonyezwa kabla ya kitu kingine chochote. Diski husomwa yote, kipande kwa kipande, toka mwanzo hadi mwisho, pasipo kuchagua mafaili. Vipande vilivyoshindikana huandikwa kwenye orodha, kisha hurudiwa baadaye kwa subira. Nakala hupewa namba ya uthibitisho inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili badiliko lolote la baadaye ligundulike. Nakala ziwe tatu, angalau mbili katika vifaa vya aina tofauti, na moja iwe mbali: kama mbili ziko Unguja, ya tatu iwe Pemba au Bara.

Nakala hiyo inaweza kutumika hata bila mashine ya asili. Programu ya SIMH, iliyoanzishwa na Bob Supnik, huiga PDP-11, VAX na nyingine nyingi ndani ya kompyuta ya kawaida. Vipo pia vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyochukua nafasi ya diski, kama kile kilichobuniwa na David Gesswein kwa diski zilizofungwa za miaka ya 1980. Kifaa hicho kwanza huisoma diski ya zamani, kisha huunganishwa na minikompyuta na kujifanya ndiyo diski yenyewe. Kwa njia hiyo mashine ya makumbusho inaweza kuonyeshwa kwa wageni kila siku, na diski halisi ikapumzika.

Kazi ya aina hii imekwisha kuzaa matunda. Mwaka 2014 Makumbusho ya Historia ya Kompyuta ya Mountain View, California, iliuweka hadharani msimbo wa programu za kompyuta ya Xerox Alto ya miaka ya 1970. Msimbo huo usingekuwapo leo kama watu hawangeunakili kwa wakati na kuuhamisha kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Mikono na daftari

Mashine iliyofufuliwa haiachwi. Huwashwa kila baada ya wiki chache ili grisi isigande na kapasita zisilale. Kila kuwashwa kwake huandikwa katika daftari: tarehe, unyevunyevu wa chumba, milio iliyosikika, kilichobadilishwa. Daftari hilo ndilo litakalomwongoza fundi wa miaka 20 ijayo.

Historia ya Tanzania inafanya jukumu hili kuwa kubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, ikiwa ni mashine ya ICT 1500 ya Uingereza. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine hizo kushindwa kutoa matokeo yaliyotarajiwa katika hesabu za Serikali. Kwa hiyo mashine za zama hizo zilikuwa chache na walioziendesha walikuwa wachache. Kila iliyosalia, na kila mzee aliyewahi kuiendesha, ana thamani isiyopatikana kwa kununua.

Ustadi unaohitajika, hata hivyo, si mgeni visiwani. Fundi redio anayejua kupima kapasita, mchonga vyuma anayeweza kutengeneza puli na fundi kiyoyozi anayeelewa unyevunyevu wana sehemu kubwa ya maarifa yanayotakiwa. Mwambao huu una mazoea ya tangu kale ya matunzo ya aina hiyo: jahazi hupandishwa pwani, hutiwa kalafati na kupakwa shahamu kabla halijavuja, wala haisubiriwi safari ya kuzama.

Nyaraka za Taifa za Zanzibar, zilizoanzishwa mwaka 1956, zimeonyesha kwamba kazi ya subira inawezekana katika hewa hii hii. Mkusanyiko wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu uliingizwa mwaka 2003 katika Rejista ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Karatasi hizo zimedumu kwa sababu kuna watu wanaozigeuza, kuzikausha na kuzikagua. Kumbukumbu za sumaku zinahitaji watu wa namna hiyo hiyo, pamoja na mashine zao.

Ofisi, skuli au familia itakayokuta diski, kanda au mashine ya zamani inashauriwa kufanya mambo manne: isiiwashe, isiitupe, isiitenganishe na nyaya na vitabu vyake vya maelekezo, na iiweke mahali pakavu palipoinuka huku ikitafuta ushauri wa watunza nyaraka. Hatua hizo zinaweza kuchukuliwa leo hii kwa gharama ndogo.

Tarehe 25 Disemba, 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kustahimili kwa zaidi ya karne moja, iliporomoka wakati wa matengenezo na kugharimu maisha ya watu wawili. Sauti ya kuporomoka kwa jengo husikika mji mzima. Diski inayokwanguliwa ndani ya stoo husikika na mtu mmoja tu aliyebonyeza kitufe, na mara nyingi naye hatambui alichokipoteza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kumbukumbu iliyokwanguliwa, hata ukuta wa kujenga tena haupo.